Waya wa Bomba la Kushoto

Wiki tatu zilizopita ekzosi ya gari langu ilikatika nikipandisha kilima kuelekea Kimironko, nikaingia gereji ya kwanza niliyoiona huku watu wa barabarani wakinigeukia kwa ule mngurumo. Fundi akalala chini ya gari, akakaa huko kitambo, kisha mkono wake ukatokeza na ncha ya waya mnene. "Mama, shika hapa, usitikise." Nikashika. Nilikuwa na nguo za ofisini, nina kikao Kacyiru, nina haraka zangu zote, lakini waya ule ulipotulia kiganjani mwili mzima ukanisisimka. Harufu ilikuwa ileile: kutu, oili chafu, na mchanga uliopigwa moto. Fundi akachungulia, akauliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa. Hiyo ndiyo tabia yangu toka utotoni, kusema mambo yako sawa.

Basi acheni niseme, maana nimelibeba hili tangu nikiwa na miaka tisa na limeniota kigaga.

Tulikuwa tunakaa Niboye, nyumba ya matofali yenye ua mrefu na ukuta upande wa barabara. Baba, mama, mimi, na mdogo wake baba, Eliya, aliyekuwa na chumba chake cha uani. Wakubwa hao watatu walikulia Karagwe, Tanzania, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima, mimi nikiwa mgongoni. Ndani ya nyumba ilikuwa Kiswahili tu. Nje nilikuwa nasema Kinyarwanda cha kuchekesha, watoto wa mtaa wakinirudia maneno yangu hadi nalia. Ndiyo maana nilikuwa nashinda uani kwa Baba Mdogo. Yeye hakunicheka. Alinipa cheo kabisa: Mkaguzi. Akimaliza geti ananiita, "Mkaguzi, njoo uone kama imekaa," nami nazunguka geti lile mikono mgongoni, nagonga hapa, nachungulia pale, halafu natoa hukumu: "Imekaa." Basi atacheka huyo, meno yote nje.

Mageti nusu ya mtaa wetu yalitoka mikononi mwake. Alikuwa na jicho la kupima ajabu. Atatazama nondo mbili, atasema hii imezidi hiyo kwa upana wa ukucha, ukipima kweli. Lakini huko Karagwe cheche iliwahi kumwingia jicho la kushoto, likawa jekundu wiki nzima kisha likapona. Likapona kabisa. Ila baba hakulisahau. Baba alikuwa karani, mtu wa mihuri na mafaili, na uchomeleaji aliuona ni kazi ya kupitishia muda. Wakibishana jambo lolote, hata la chumvi, baba atamalizia, "Na jicho hilo, Eliya, litakuja kukuaibisha mbele za watu."

Siku moja akaja Bwana Kaspari, mtumishi wa wizara moja kule Kacyiru, mtu wa suti hata Jumamosi. Alikuwa na ivatiri, lile gari dogo la milango minne, nyeupe, inayong'aa hadi unajiona. Baba Mdogo alishamtengenezea geti, naye bwana huyo akaipenda kazi. Sasa alitaka jambo ambalo hakuna aliyelifanya mtaani kwetu: ekzosi ya mabomba mawili, moja litokee kulia, la pili kushoto.

"Kelele hapana," alisema kwa kile Kiswahili chake cha Kigali. "Hapa polisi hapana penda kelele. Mimi nataka moshi itoke huku na huku, pole pole, gari ikae kama ya mukubwa. Utaweza, sha?"

"Nitaweza, mzee," alisema Baba Mdogo.

Usiku ule mezani baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Fundi mageti na ekzosi wapi na wapi! Baba Mdogo hakucheka. Alisema taratibu kwamba mageti yanakwisha, kila mtu akishapata geti lake ndiyo basi, lakini magari yanaongezeka kila siku. Akasema anataka gereji. Anataka ukuta wa barabarani utobolewe mlango, gari liingie uani. Mama akamtazama baba. Baba akafuta mdomo na kusema neno ambalo sote tulilishika: "Gari la huyo bwana likitoka hapa na mabomba mawili yaliyonyooka, mimi mwenyewe nashika nyundo nabomoa ukuta ule. Lisipotoka hivyo, usiniletee tena habari za gereji." Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushika neno lake.

Kuanzia hapo Baba Mdogo hakuwa na habari nyingine. Alikwenda kwa mafundi wa mjini, anasimama pembeni anaangalia, anarudi anachora. Alichukua mkaa akachora tumbo la gari kwenye ukuta wa chumba chake kwa nje, ukubwa uleule wa gari lenyewe: injini mbele, bomba mama likija katikati, kisha linagawanyika mara mbili kama suruali, kila mguu ukipita upande wake wa tangi la mafuta mpaka nyuma. Nilikaa mbele ya mchoro ule kama watu wanavyokaa mbele ya televisheni. Mimi nilijua kwamba mabomba yakiwa mawili gari litakuwa na pumzi mbili, litapanda vilima vyote vya Kigali bila kuchoka. Nikamwambia. Akasema, "Umeanza kunifundisha kazi, Mkaguzi," akaandika kwa mkaa chini ya mchoro: PUMZI MBILI.

Alhamisi moja Bwana Kaspari akaleta gari kwa saa chache tu. Baba Mdogo akaliinua kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo ya mikaratusi, akaingia chini na nyaya mbili nene. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unaupinda waya chini ya gari, taratibu, ufuate njia ambayo bomba litapita, ukwepe hiki, uruke kile. Gari linaondoka na mwenyewe, umbo linabaki kwako. Nilishika ncha. "Usitikise, Mkaguzi. Ukitikisa tu, bomba nalo litatikisika." Alipotoka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na nyaya mbili zenye mipindo mitanomitano. Akazitundika kwenye msumari, kando ya mchoro, moja kulia, moja kushoto.

Jumamosi ikawa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Wakubwa wote walitoka na majembe kwenda kuchimba mtaro, Baba Mdogo naye, mtaa ukabaki na kuku na watoto. Jirani yetu Mama Divine, mama wa Bujumbura, alikuwa na mti wa maparachichi ulioinamia kwetu. Sheria yake ilikuwa wazi: yaliyo juu ni yake, yaliyoanguka ni yetu. Na yaliyo juu siku ile yalikuwa manene, yamenona, yananitazama. Wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na mikono isiyo na kazi tu.

Nilihitaji ndoano. Nikautazama waya wa kushoto: mrefu, mgumu kiasi, na mwisho wake umejikunja vizuri kabisa. Akili yangu ya miaka tisa ikaniambia kwamba kazi ya Baba Mdogo iko pale ukutani, kwenye mkaa. Waya ni kitu cha kuchorea tu, na mchoro umeshachorwa. Nikautoa. Nikasimama juu ya ndoo, nikanasa kikonyo cha kwanza, nikavuta. Parachichi likaanguka kweli, likawa letu kisheria. La pili likagoma. Nikavuta kwa uzito wangu wote, ndoo ikapinduka, mimi chini, parachichi chini, na waya mkononi umenyooka pale katikati.

Sikuogopa sana, na hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Nilijiona mjanja. Niliuweka waya juu ya mchoro wa mkaa, nikaupinda kwa goti, nikaupima, nikaupinda tena, mpaka ukakaa juu ya mstari kila kona. Ulikaa hasa! Nilirudi nyuma mikono mgongoni nikautazama kama geti. Nisichojua ni kwamba mchoro ni kitu cha ukutani, hauna kupanda wala kushuka. Mpindo wa tatu wa waya ule haukwenda pembeni tu, ulikuwa unapanda juu, ili bomba liruke ekseli ya nyuma. Mimi niliulaza.

Adhuhuri Baba Mdogo akarudi, matope magotini. Akatazama nyaya, akauweka wa kushoto juu ya mchoro, ukakaa. Lakini alisita kidogo.

"Mkaguzi, kuna mtu amegusa nyaya zangu?"

Mdomoni nilikuwa na parachichi na chumvi. Nikameza.

"Hapana, Baba Mdogo."

"Haya," alisema, akautundika. Hakuuliza mara ya pili. Mimi sikuwa mtu wa kuulizwa mara ya pili.

Wiki ile ndiyo ninayoinusa mpaka leo. Alichekecha mchanga, akaukausha kwenye karai juu ya moto, akaujaza ndani ya mabomba na kuziba ncha kwa vigingi vya mbao, ili chuma kikipindwa kisibonyee. Kisha moto, mpaka bomba linakuwa jekundu, kisha anapinda kidogo, anauleta waya, anapima, anapinda tena. Jasho linamtoka, anaimba nyimbo za kanisani. Mara mbili nilimwona anapima ule mpindo wa tatu, anautazama waya, anatazama bomba, anaendelea. Mara mbili nilifungua mdomo. Nilijiambia nimeurudisha vizuri, kwani haukukaa kwenye mchoro? Nikaufunga.

Jumapili baada ya ibada Bwana Kaspari akaja na gari. Watu walijaa uani, Mama Divine na wanawe, majirani, baba amekaa kwenye kiti na redio yake akijifanya hana habari. Bomba la kulia lilipanda likakaa kama limezaliwa na gari lile. Watu wakapiga makofi. Baba akazima redio. Mama akanifinya bega kwa furaha, na mimi nikapiga makofi kuliko wote.

La kushoto halikupanda. Lilifika kwenye ekseli likagoma. Baba Mdogo akalizungusha, akalitoa, akalirudisha. Tulimsikia anapumua kule chini. Akatoka, akauchukua waya, akaulaza juu ya bomba. Waya na bomba vilikuwa kitu kimoja, mpindo kwa mpindo. Nikamwona anafumba jicho la kulia na kutazama kwa la kushoto, kisha anabadilisha.

"Bomba limefuata waya," alisema, polepole, kama anayejisomea. "Basi waya ndio umekosea. Na waya nimeupima mimi."

"Ntakibazo," alisema Bwana Kaspari. "Hakuna shida, sha. Utapima tena siku ingine."

Baba alisimama. Nashukuru hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani alisema kwa huruma, "Jicho, Eliya. Si nilikwambia?"

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nilimtazama Mama Divine, nikawaza maparachichi. Nilimtazama baba, nikawaza mkanda. Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo, maparachichi mawili na mkanda, na mtu mzima akawa anasimama mbele ya mtaa mzima anajifunika jicho kwa kiganja.

Hakupima tena. Bwana Kaspari alirudi mara mbili, Baba Mdogo akamtaka radhi. Akarudi kwenye mageti, lakini sasa kila mstari aliutilia shaka. Anapima mara nne, anafuta, anapima tena, na geti la kwanza baada ya hapo lilitoka limepinda kweli. Sikuitwa kulikagua. La pili mwenyewe alilikataa. Kabla ya mvua za vuli akauza mashine, akauza na kile kioo cha kukinga uso na cheche, akaenda sokoni Kimironko kuuza mabeseni. Beseni halipimwi. Ukuta wa barabarani ukabaki na uzima wake, na mchoro wa mkaa ukafutwa na mvua, neno PUMZI likatangulia.

Mnajua nilifanya nini? Nilisali. Kila siku kabla ya kulala nilipiga magoti nikamwomba Mungu kwamba jicho la Baba Mdogo liwe bovu kweli. Likiwa bovu kweli, basi si mimi. Nilisali hivyo kwa miezi. Nimeungama mambo mengi maishani, hilo sijawahi.

Miaka ikaenda. Akaoa, akapata watoto, mabeseni yakamlisha. Akija kwetu ananiita Mkaguzi bado. Baba alifariki akiamini alimwonya mdogo wake kuhusu jicho. Kwenye msiba Baba Mdogo mwenyewe alisimama akasema, "Kaka aliona mapema nisichokiona," watu wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimekaa mkeka wa mbele. Nikatazama miguu yangu.

Basi siku ile ya gereji nilitoka nikashindwa hata kwenda kikaoni. Jumapili iliyofuata nikaenda kwake Kimironko. Nilimkuta barazani, amezeeka, miwani mizito. Nikamwambia bila hata kunywa chai. Nikamwambia ndoo, parachichi, goti, yote.

Akauliza, "Mpindo upi?"

"Wa tatu. Ule wa kupanda."

Akahesabu kwa vidole hewani, moja, mbili, tatu, mkono wake ukapanda pale unapotakiwa kupanda. Baada ya miaka yote hiyo, mkono ulikuwa unakumbuka. Halafu akapiga paja kwa kishindo.

"Kumbe! Kumbe lilikuwa zima! Mama Deo, njoo usikie! Jicho langu lilikuwa zima!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe akaja mbio na mwiko mkononi, Baba Mdogo akamweleza upya, akanishika mikono akanishukuru. Ananishukuru! Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa kufukuzwa. Kwa hilo sikujiandaa. Kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe, akatazama barabara.

"Kaka angebomoa ukuta," alisema. "Alikuwa mtu wa neno lake."

"Nisamehe, Baba Mdogo."

"Ulikuwa mtoto." Akafuta machozi ya kicheko. "Lakini ungenambia tu, mwanangu. Ungenambia hata kesho yake."

Ghafla akasimama, akasema nilete gari uani, na mwanawe Deo atafute waya. Mkewe akapiga kelele, "Yewe, mzee, na macho hayo? Daktari amesema nini?" Hapo ndipo nilipojua. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limetangulia. Anaona mwanga na vivuli. Mabeseni anayatambua kwa kupapasa.

"Daktari hajui kupima ekzosi," alisema, akavua miwani na kunipa nishike. "Gari lako lina bomba la kulia tu. Tulipe na la kushoto."

Akaingia chini, mzee wa karibu sitini, kwa shati la kanisani. Nikapiga magoti nikashika ncha ya waya. Hakuhitaji kuniambia nisitikise. Nilimsikia anapapasa, anapinda, anaimba zile nyimbo zake. Alichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza nikainama kuangalia. Mpindo wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ulikuwa umekwenda pembeni kiganja kizima, umegonga ekseli palepale.

"Mkaguzi," aliita kutoka chini, sauti imejaa. "Imekaa?"

Mkewe alikuwa ananitazama. Deo naye alikuwa ananitazama.

"Imekaa, Baba Mdogo."

Alitoka amejaa vumbi hadi kwenye kope, akaushika waya ule kwa mikono miwili, akanikabidhi.

"Utundike juu," alisema. "Mahali watoto hawafiki."

Nimeutundika juu ya kabati, na wanangu nimewakataza kuugusa.